Sisi Tunaoanika Ndagala Nasi Tuna Kazi

Watu wakisema "kazi ya ziwa", wanawaza mtumbwi, taa na nyavu. Lakini wavuvi wakirudi alfajiri, ndipo kazi yetu inaanza: kununua beseni kwa beseni, kuosha, kuanika, kugeuza, kukimbilia turubai mvua ikija, kisha kupandisha magunia kutoka Baraka hadi Fizi. Na bado tukiulizwa kazi yetu, wengi tunajibu: "Sina kazi, niko tu nyumbani."

Jibu hilo linatuumiza. Ziwa Tanganyika ni la nchi nne: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Mwaka 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane. Nia ni nzuri, maana ndagala wamepungua. Nyavu za macho madogo zina lawama yake. Wataalamu wanaongeza sababu nyingine: maji ya juu yamezidi joto, hayachanganyiki vema na maji baridi ya chini, basi rutuba iliyoko kilindini haipandi kulisha samaki.

Hatupingi ziwa kupumzishwa. Mwezi ukiwaka sana mitumbwi hulala, nasi tumezoea kujipanga kwa siku hizo. Ila miezi mitatu ni jambo lingine. Ziwa likifungwa, mwenye mtumbwi anaonekana amepoteza kazi. Mama anayeanika anaonekana amepumzika tu. Kumbe watoto wake wanakula na kusoma kwa pesa ya ndagala hao hao. Nani atamhesabu, ikiwa mwenyewe hajihesabu?

Kwa hiyo tunaombana mambo matatu. Kwanza, kila mmoja awe na daftari: beseni ngapi, bei gani, usafiri, faida, na walioharibika kwa mvua. Asiyeandika, mtoto wake wa shule amwandikie. Pili, kwenye AVEC zetu tutenge kidogo kila juma kwa ajili ya siku ambazo ziwa limelala. Tatu, kukiitwa mkutano wa mambo ya ziwa, twende na madaftari yetu, tuketi mbele na tuseme.

Na juma hili, mtu akikuuliza kazi yako, mjibu bila haya: "Ninaanika na kuuza samaki."