Kiunzi Kisichoanguka

Katika mbio za mita 110, ukikigonga kiunzi kinalala, nawe unaendelea. Katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, anayelala ni mkimbiaji. Boriti ni nene na nzito kiasi cha mtu kuikanyaga akaruka mbele. Ukali huo umetoka kwa farasi. Huko Ireland na Uingereza wapanda farasi walishindana kutoka mnara wa kanisa hadi mnara wa kanisa jingine, wakivuka kuta, mitaro na vijito. Binadamu walipoiga mchezo huo, kijito kikaingia uwanjani kikawa shimo la maji.

Wanaume huruka viunzi 28 vya sentimita 91.4, na shimo la maji mara 7. Kila mruko hukata mwendo, na mwendo uliokatwa hurudishwa kwa nguvu za mapaja. Aliyetumia nguvu zake mapema hudaiwa deni hilo mwishoni, tena pale pale majini.

Ukitoka Muyinga, Burundi, ukavuka mpaka wa Kobero, unaingia nchi ya mtu aliyelilipa deni hilo mbele ya dunia nzima. Filbert Bayi wa Tanzania alijaribu viunzi mapema, Munich mwaka 1972, akaishia mchujo. Sifa yake ilijengwa kwingine. Mwaka 1974, Christchurch, aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuvunja rekodi ya dunia, huku John Walker wa New Zealand akimfukuza bila kumfikia. Mwaka uliofuata akachukua na rekodi ya maili moja. Pambano lao la Olimpiki ya Montreal halikufanyika, kwa kuwa nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zilisusia michezo ya 1976 kupinga uhusiano wa raga kati ya New Zealand na Afrika Kusini ya ubaguzi.

Basi akarudi kwenye viunzi. Moscow, 1980, alikimbia kama alivyozoea: mbele, peke yake, akiwaacha wenzake mbali. Katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia, akampita. Bayi alimaliza kwa dakika 8 na sekunde 12.48, nyuma ya Mpolandi kwa chini ya sekunde 3. Wapo wanaosema alikosea mbinu. Mimi naona alikosa akiba tu, na kuishikilia fedha ile kwa miguu iliyokwisha, Eshetu Tura wa Ethiopia akiwa sekunde moja nyuma yake, ni ushujaa mtupu.

Kocha wa Gitega au Muyinga na amtafute mwanaviunzi wake miongoni mwa vijana wa mita 1,500. Burundi inajua faida ya kuhama mbio: Vénuste Niyongabo alikuwa wa mita 1,500, akamwachia Dieudonné Kwizera nafasi, akaingia mita 5,000 na kuipatia nchi dhahabu ya Olimpiki, Atlanta 1996. Miinuko ya huko hujenga pumzi yenyewe. Kinachobaki ni mruko, na huo huanzia kwenye gogo lililofungwa imara juu ya nyasi. Kijana alivuke akiwa amechoka, mwishoni mwa mazoezi, kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kwa sababu katika msongamano wa mbio hatachagua mguu utakaofika kwanza.