Kuba la Ayasofya Linasimamaje?

Wengi wakipata siku moja Istanbul huimaliza mbiombio: msikiti huu, kasri lile, soko, boti ya Bosphorus. Jioni majengo yote yamechanganyika kichwani. Mimi ni msanifu majengo, na rafiki niliyekuwa naye anafundisha hisabati, basi tukakubaliana kufuata swali moja kutwa nzima: kuba kubwa namna hii linasimamaje?

Tukaanzia Ayasofya. Mfalme Justinian alianza kuijenga kama kanisa mwaka 532, na 537 ikafunguliwa. Aliwakabidhi kazi Anthemius wa Tralles na Isidore wa Miletus, mabingwa wa jiometri. Kitendawili chao kilikuwa hiki: chini ni mraba, juu ni duara, na duara likikaa juu ya mraba pembe nne hubaki wazi. Wakasimamisha matao manne makubwa, kisha kila pembe wakaiziba kwa pembetatu ya matofali iliyopinda. Ncha za chini za pembetatu hizo zinatua kwenye nguzo nne nene. Kingo za juu zinakutana na kufanya duara. Hapo ndipo lilipokaa kuba la upana wa mita 31 hivi.

“Mbona nguzo zenyewe sizioni?” akauliza rafiki yangu. Zimevikwa marumaru, na jicho linakimbilia juu, kwenye madirisha 40 yaliyolizunguka kuba kitakoni. Nuru inapopenya hapo, kuba huonekana kama linaelea.

Lakini kuba halisukumi chini tu, husukuma na nje. Siku hizi watalii hupitia ghorofani, na huko ushahidi uko wazi: simama kando ya safu ya nguzo, uzitazame kutoka ubavuni. Zimeinama. Jengo liliharakishwa, chokaa nene kati ya matofali haikupata muda wa kukauka vizuri, kuta zikatanuka. Matetemeko yakaja, na mwaka 558 kuba likaporomoka. Isidore Mdogo, jamaa wa yule wa kwanza, alilijenga upya, akalimaliza 562, safari hii likiwa limeinuka zaidi, kwa kuwa kuba lililoinuka husukuma nje kidogo kuliko lililobapa. Kwangu uamuzi huo ndio uliookoa jengo.

Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alifika mji huu pia si muda mrefu baadaye, ila ndani ya Ayasofya, iliyokuwa kanisa wakati huo, hakuingia. Msikiti Mkuu wa Kilwa nao una makuba, lakini ni madogo na mengi, kila moja juu ya nafasi yake ndogo kati ya nguzo, kwa hiyo msukumo unagawanyika.

Mchana tukapita Soko Kuu hadi msikiti wa Süleymaniye, uliojengwa na msanifu Sinan kati ya 1550 na 1557. Ndiye pia aliyeiimarisha Ayasofya kwa kuta za kuiegemeza. Huku kwake maegemeo hayo ameyazamisha ndani ya kuta na kuyapamba kwa varanda, hata mpita njia hayatambui. Rafiki yangu aliyatafuta kwa kuzunguka nje, akayapata yote.

Kuba la Süleymaniye halikuufikia upana wa lile la Ayasofya. Sinan aliufikia baadaye mjini Edirne, kwenye msikiti wa Selimiye, uliokamilika 1575 akiwa mzee sana. Ni kilomita 240 hivi kwa basi, na safari hiyo naishauri kwa yeyote mwenye siku ya pili.