Karagwe ilichapa kabla ya karatasi

Msanii anayechonga vibao vya kuchapia, anayepaka rangi na anayefinyanga udongo katika karakana moja huulizwa mara kwa mara: kazi yako hasa ni ipi? Watu humwona kama mtu wa fani tatu ambaye hajaamua. Vyungu vya kale vya Karagwe vinatoa jibu jingine.

Bweranyange ndiko walikokaa watawala wa Karagwe, ufalme wa zamani katika mkoa wa sasa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, na ndiko mfalme Rumanyika alikompokea Mwingereza John Speke mwaka 1861. Wanaakiolojia waliochimba huko walikuta vigae vyenye mapambo yanayojirudia: vijishimo vidogo vilivyopangwa kwa safu kuzunguka shingo ya chungu. Mapambo ya aina hii yameenea katika eneo lote la Maziwa Makuu kwa takriban miaka elfu moja iliyopita. Mfinyanzi husokota au kufunga mafundo kwenye ukanda wa nyasi, kisha huuviringisha kwa kiganja juu ya udongo ambao haujakauka. Kila fundo huacha shimo lake, na ukanda ukizunguka tena mchoro hurudi vilevile.

Huo ni uchapaji. Kuna kifaa kilichoandaliwa mara moja, kuna kugandamiza, na kuna alama inayotoka kinyume cha kifaa: penye uvimbe kwenye nyasi pana bonde kwenye udongo.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa tofauti. Miongoni mwa vyungu vya kale vya Kagera ni vile vya mtindo wa Urewe, uliopewa jina la mahali palipo Siaya, Kenya. Vimepatikana pia Katuruka, karibu na Bukoba, pamoja na mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wafinyanzi wa Urewe walichora kwa ncha, mstari mmoja baada ya mwingine, na wengi waliacha kibonyeo chini ya kitako. Kutoka kwao hadi kwa wale wa ukanda wa nyasi, mkono ulihama kutoka kuchora kwenda kuchapa. Mzunguko mmoja wa kiganja ukafanya kazi ya mistari mingi.

Msanii wa leo hukata kibao kwa sababu hiyohiyo. Huchukua mbao laini, plaiwudi au kipande cha lino, huchora picha, kisha huondoa kwa patasi kila sehemu anayotaka ibaki nyeupe. Kilichobaki juu hupakwa wino kwa rola, tabaka jembamba, maana wino mwingi hujaza mifereji na picha huziba. Karatasi hulazwa juu na kusuguliwa kwa mgongo wa kijiko, au hupitishwa kwenye mashine. Kulia huwa kushoto, kwa hiyo maandishi lazima yachongwe kinyumenyume. Ukiona 3/20 imeandikwa kwa penseli chini ya picha, ujue ni ya tatu kati ya ishirini zilizotolewa kwenye kibao hicho. Si nakala ya picha nyingine iliyofichwa mahali; kila moja kati ya ishirini ni kazi halisi. Nchini kwetu kazi za namna hii zilipata makao katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, ambako wasanii kama Robino Ntila walijenga jina kwa picha za kuchapa.

Tukija kwenye rangi, kila rangi ni vitu viwili: unga wenye rangi na kitu cha kuushika. Unga ulio rahisi kupatikana Kagera ni udongo mwekundu, ambao wekundu wake ni kutu ya chuma. Michoro ya miambani ya Bwanjai, mkoani humohumo, ni ya rangi nyekundu. Ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Gisaka nchini Rwanda, wanawake hutengeneza imigongo: samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu hujengwa kuwa matuta yaliyonyooka juu ya ubao, ikikauka hupakwa nyekundu, nyeusi na nyeupe. Hapo mchoraji hutanguliza matuta ndipo afuatishe rangi, kama anayeandaa kibao cha kuchapia.

Chuma hichohicho huchangia rangi ya chungu. Moto ukipata hewa ya kutosha, chungu hutoka chekundu. Ukifunikwa kwa nyasi na samadi hadi hewa ikose, hutoka cheusi. Moto wa wazi hufika takriban nyuzi 600 hadi 900 za Selsiasi, nao hutosha kuufanya udongo usirudi tena kuwa tope, lakini chungu hubaki na vinyweleo vinavyopitisha maji. Kuvifunga kunahitaji glezi, yaani utando wa kioo unaoyeyukia juu ya udongo, na glezi nyingi hudai joto la zaidi ya hapo, ndani ya tanuri.

Hapa ndipo Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, inapoingia. Kyerwa huchimbwa bati, na oksidi ya bati ndiyo iliyoipa dunia glezi nyeupe. Asilimia 5 hadi 10 tu katika mchanganyiko hutosha: chembe zake haziyeyuki zote, hutawanya mwanga, na kioo kilichokuwa angavu huwa cheupe kama karatasi. Wafinyanzi wa Iraki walikuwa wakiitumia katika karne ya 9, na vipande vya vyombo vyao vyeupe vimefukuliwa Manda na Shanga, kwenye pwani yetu ya Waswahili. Baadaye ufundi huo ulifika Hispania, Italia na Uholanzi.

Weupe huo ndio uliozikutanisha fani zote tatu. Kwanza wachoraji waliupaka rangi kwa brashi. Kisha mwaka 1756, mjini Liverpool, John Sadler na Guy Green waliapa mbele ya sheria kwamba kwa muda wa saa sita walikuwa wamechapa vigae zaidi ya 1,200 vya kubandika ukutani. Vigae hivyo vilikuwa vya glezi ya bati, na baadhi ya picha zao za mwanzo zilitoka kwenye vibao vya mbao vilivyochongwa.

Karagwe na Kyerwa hazikosi udongo, wala bati, wala mikono. Kinachohitajika ni tanuri la moto mkali, na njia ya kulisafisha bati, kwa kuwa mawe yake huwa na chuma kinachoyatia weusi, na chuma hicho huharibu weupe wa glezi.

Mwalimu wa sanaa hahitaji kusubiri hayo. Achukue gunzi la hindi, aliviringishe juu ya bamba la udongo mbichi. Kisha alifute, alipake masizi yaliyochanganywa na mafuta, aliviringishe juu ya karatasi. Wanafunzi wataona mchoro uleule mara mbili: kwenye udongo kama mashimo, kwenye karatasi kama madoa. Wakiweza kueleza kwa nini, wameshajifunza somo la kwanza la uchapaji na la ufinyanzi kwa pamoja.