Usahaulifu wa Uzeeni Si Uchawi

Hebu tumfikirie bibi mmoja kijijini. Miaka michache iliyopita alikuwa akihesabu debe za maharage yake bila kukosea. Siku hizi anabandika chungu jikoni, anakisahau mpaka kinaungua. Anakwenda kisimani, njia ya kurudi haijui. Mjukuu anamwita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Usiku halali, anazungukazunguka uani. Basi majirani wanaanza kunong'ona: "Bibi huyu anawanga."

Ndugu wasomaji, bibi huyo hawangi. Anaumwa. Tusiseme kwamba ni maneno madogo haya. Katika sehemu za Kanda ya Ziwa, vikongwe wamewahi kuuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu, na macho hayo huwa mekundu kwa moshi wa jikoni.

Ugonjwa huu ni nini?

Wataalamu wanauita demensia. Ni ugonjwa wa ubongo. Unaharibu kumbukumbu, fikira na hata tabia ya mtu. Kusahau mahali ulipoweka jembe ni jambo la kawaida. Lakini kusahau jembe ni la kazi gani, hiyo ni dalili ya ugonjwa.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na ugonjwa huu. Hapa kwetu, wataalamu waliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Matokeo yalitolewa mwaka 2013. Walikuta kwamba wazee kama 6 katika kila 100 wanao. Kwa hiyo si ugonjwa wa Wazungu peke yao.

Mpaka leo demensia haina dawa ya kuiponya. Lakini inaweza kukingwa au kucheleweshwa. Mwaka 2024, wataalamu wa jarida la tiba la Lancet la Uingereza walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari. Walisema kama yote yangeondolewa, karibu wagonjwa 45 katika kila 100 wangeepushwa au wangecheleweshwa. Mengi ya mambo hayo yamo mikononi mwetu.

Tule nini?

Ubongo ni kama shamba la kumwagilia. Mfereji ukiziba, mimea inanyauka. Mifereji ya ubongo ni mishipa ya damu. Presha, ugonjwa wa sukari na mafuta mabaya katika damu huiharibu mishipa hiyo polepole, mtu akiwa bado na nguvu zake za kulima. Kwa hiyo kinga ianze mapema, hasa kuanzia miaka ya 40, si kungoja mvi.

Chakula kizuri tunacho hapa hapa:

1. Tule mboga za majani kila siku: mchicha, matembele, kisamvu. Tule na matunda ya msimu.
2. Tule maharage, kunde, choroko, karanga, samaki na dagaa.
3. Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe iliyokobolewa.
4. Tupunguze chumvi. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mboga. Chumvi isiwekwe mezani.
5. Tupunguze soda, sukari nyingi katika chai, na mafuta ya kuganda. Mafuta ya alizeti ni afadhali, nayo kwa kiasi.

Lakini tuelewane. Hakuna chakula kimoja ambacho ni dawa ya ubongo. Mtu akija mnadani na unga wake, eti unarudisha kumbukumbu, usimpe fedha yako.

Mambo mengine ya kufanya

Tupimwe presha kwenye zahanati hata kama hatuumwi, kwa sababu presha haipigi hodi. Ukipewa dawa, usiache kumeza eti kwa kuwa umepata nafuu. Tuache sigara. Tupunguze pombe. Tutembee na kufanya kazi za mikono. Anayepanda pikipiki avae kofia ngumu, maana kuumia kichwa nako kunaleta ugonjwa huu. Jikoni tutoboe madirisha moshi utoke.

Mzee asiyesikia au asiyeona vizuri apelekwe hospitali. Asiposikia ataacha kuzungumza na wenzake, na ubongo usio na kazi hudhoofika. Vilevile tusimwache mzee akae peke yake siku nzima.

Huko Ufini, Ulaya, mambo haya yalijaribiwa kwa pamoja. Watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77 walifuatwa kwa miaka miwili. Nusu yao walifundishwa kula vizuri, kufanya mazoezi, kuchezesha akili na kupimwa mara kwa mara. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: hao walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya kufikiri kuliko wenzao waliopewa ushauri wa kawaida tu.

Na kisomo je? Elimu ya utotoni huupa ubongo akiba. Kwa hiyo tusiwatoe watoto shuleni, hasa wasichana. Nasi tuliojifunza kusoma ukubwani tusiache. Tusome, tuandike barua, tucheze bao, tuwahadithie wajukuu.

Ukimwona mzee ameanza kupotea njia, mpeleke kwa mganga wa hospitali kwanza. Kuna usahaulifu mwingine unaotibika, kama ule unaotokana na huzuni kubwa au ukosefu wa vitamini B12. Hata usipotibika, mzee huyo ni mgonjwa wetu. Tumlinde.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Nyumbani kwako ni nani aliyepimwa presha mwaka huu?
2. Chumvi ya kilo moja inakaa siku ngapi, na mnakula watu wangapi?
3. Mzee wa jirani akiitwa mchawi kwa sababu ya kusahau, utasema nini mbele ya watu?