Pini Katika Kanzu ya Mtoto



Asubuhi moja ya Idi, hapa Shinyanga, mwanafunzi wangu mdogo alitoka katika sala akilia. Alipokwenda kusujudu, pini iliyosahauliwa katika upindo wa kanzu yake mpya ilimchoma mguuni. Fundi hakuwa na nia mbaya. Zote alizitoa, akasahau moja tu.

Basi yafaa wale washonao majumbani, tangu Shinyanga hata Geita, wajue kwamba iko njia ya kushikiza nguo bila ya pini, nayo ni gundi ya nguo inayotoka kwa maji. Asiyeipata dukani na atumie wanga. Koroga unga wa ngano katika maji baridi, upike mpaka uwe uji mzito, laini, kisha uache upoe. Paka kidogo sana ndani ya upindo, kunja, upige pasi hata ukauke. Ukishona ungali mbichi, sindano itanata. Nguo ikiisha, ifue vizuri. Wanga ukibaki, mende huja kuitafuna.

Jaribu kwanza katika kipande cha kitambaa hicho hicho. Hariri isiyopatana na maji usiipake. Ipige bandi kwa uzi. Wala tusidanganyike: gundi hushikiza kwa muda tu, kishonacho ni uzi.

Na atumiaye pini azihesabu kabla ya kazi na baada yake. Nguo ya mtu ni amana, na mwili wa mtoto ni amana kubwa zaidi.

Wabillahi taufiki.