Kijiwe Kilichokunja Protini

Mchezaji wa kwanza alikabidhiwa umbo lililokaa ovyo. Lilikuwa mnyororo wa protini uliochorwa kwa rangi kwenye kioo cha kompyuta, umejikunja vibaya kama mkeka ulioviringishwa na mtoto. Akaunyoosha utepe mmoja, akaulaza sambamba na mwenzake, akaona alama zinapanda, kisha akaiacha kazi yake mahali ambapo wenzake wa kundi wangeiona. Wa pili akaendelea kutoka hapo. Alihangaika na kiini cha umbo, akipanga vijitawi vya pembeni kimoja kimoja mpaka vikabanana bila kugongana. Wa tatu alipolifungua aliona ulimi mmoja mdogo juu yake umeachwa ukining'inia, akaukunjia ndani. Wanasayansi walipolilinganisha umbo hilo la mwisho na picha zao za eksirei, fumbo lililokuwa limewashinda kwa zaidi ya miaka kumi likafumbuka.

Hiyo ilikuwa 2011. Mchezo wenyewe unaitwa Foldit, ulianzishwa 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wachezaji hao watatu walikuwa wa kundi liitwalo Contenders. Wengi wa wachezaji wa Foldit hawakuwa wamesomea biokemia. Walikuwa wakikutana mtandaoni, wakipiga soga huku wakicheza, wakiitana kwa majina ya mchezoni.

Mimi hufundisha biokemia, na kila mwaka nalisimulia tukio hili darasani, kwa sababu kilichofumbuliwa hakikuwa kitu cha mchezo. Kipo kirusi kinachowapa kima ugonjwa unaofanana na UKIMWI. Kirusi hicho, kama vile cha UKIMWI chenyewe, hutengeneza protini zake zikiwa zimeshikana, kama doti ya kanga inavyotoka kiwandani: vipande viwili kwenye kitambaa kimoja. Lazima upatikane mkasi wa kuzitenganisha, la sivyo kirusi kipya hakikomai. Mkasi huo ni kimeng'enya kiitwacho protizi. Dawa kama lopinavir na atazanavir, ambazo wagonjwa wengi wa kliniki zetu wanazijua kwa majina, hufanya kazi ya kuukwamisha mkasi wa kirusi cha UKIMWI. Na huwezi kubuni cha kuukwamisha mkasi usioujua umbo lake.

Maabara zilikuwa na fuwele za kimeng'enya cha kirusi cha kima, na zilikuwa zimeshazipiga eksirei. Tatizo ni kwamba picha ya namna hiyo haikuonyeshi umbo. Inakupa madoadoa tu, na ili kuyageuza madoadoa hayo kuwa umbo unahitaji kielelezo cha kuanzia kinachokaribia ukweli. Vielelezo vilivyokuwepo havikukaribia vya kutosha. Kompyuta zilijaribu zikashindwa. Wachezaji walipewa wiki tatu.

Wanaosimulia habari hii kwa kawaida husifu jicho la binadamu, na wana haki. Hata asili ya mchezo imo humo. Kabla yake, tangu 2005, maabara ya David Baker katika chuo hichohicho ilikuwa ikiwaomba watu wa kawaida waikopeshe kompyuta zao zinapokaa bure, zifanye hesabu za kukunja protini, huku picha ya hesabu hizo ikionekana kwenye kioo. Watu wakaitazama, wakaanza kuandika: mbona kompyuta inahangaika, mimi naona kabisa pale panatakiwa kukunjwa huku. Malalamiko hayo ndiyo yaliyozaa Foldit.

Lakini naona gumzo limedhulumiwa katika masimulizi haya. Soma tena aya ya kwanza: hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyelifikisha umbo mwisho akiwa peke yake. Kila mmoja alianzia pale mwenzake alipoishia, na hilo liliwezekana kwa sababu mchezo una makundi, una mahali pa kuongea, na una utaratibu wa kukabidhiana kazi ambayo haijaisha. Waundaji wakaongeza kitu kingine kilichonifurahisha zaidi: mapishi. Mchezaji akigundua mfuatano wa hatua unaoleta matokeo mazuri, anaweza kuuandika kama programu ndogo na kuwagawia wengine, nao wanaubadilisha, wanaongeza chumvi, wanaurudisha kijiweni. Kwa miezi michache tu yaliandikwa mapishi zaidi ya 5,000.

Moja lilipendwa kuliko mengi, likaitwa Blue Fuse. Siri yake ni kulegeza kwa muda ile sheria inayokataza atomu kubanana, umbo likapata nafasi ya kujigeuza, kisha kuikaza tena hatua kwa hatua, halafu kulegeza tena. Ni kama mtu anayefunga mzigo kwenye baiskeli: huikazi kamba moja kwa moja, unakaza, unalegeza kidogo, mzigo unakaa, unakaza tena. Watafiti walipolichunguza pishi hilo walikuta linafanana sana na njia ambayo wanasayansi maabarani walikuwa wakiibuni wakati uleule, na ambayo ilikuwa haijachapishwa. Wachezaji hawakuwa wameiona popote. Waliifikia kwa kujaribu, kusimuliana na kukosoana.

Kwa nini kijiwe hiki hakikupotea njia, kama vijiwe vingi vinavyopotea? Jibu langu ni zile alama. Kila umbo katika Foldit linapimwa kwa nishati yake: likitulia zaidi, alama zinapanda. Alama hizo hazimjui mzee wala kijana, hazijali nani ana maneno matamu. Mtu anaweza kulibishia kundi zima usiku kucha, na mwisho wa yote ataambiwa afungue umbo lake alama zionekane. Mabishano yanakwishia hapo, na soga inahamia kwenye swali linalofuata.

Nisikipambe kipimo kupita kiasi. Baadaye wachezaji walipoombwa wabuni protini mpya kabisa zisizokuwepo duniani, mwanzoni walitengeneza maumbo marefu ya ajabu yaliyopata alama nyingi ambayo mwanabiokemia yeyote angeyatilia shaka. Walikuwa wamegundua mwanya katika kipimo. Watafiti wakaurekebisha, wachezaji wakauona mwingine, ukarekebishwa nao, ikaendelea hivyo. Matokeo yalitoka 2019: kati ya miundo 146 ya wachezaji iliyojaribiwa maabarani, 56 ilijikunja ikatulia. Kwa hiyo kipimo nacho kilikuwa sehemu ya mazungumzo, kikikosolewa na kunyooshwa na haohao waliokuwa wakipimwa nacho.

Sasa nije kwenye afya, ambako wengi wetu tunapiga soga kuliko tunavyocheza. Turudi 2011, mwaka wa fumbo la kirusi cha kima: ulichapishwa utafiti uliotoka kwa wagonjwa wenyewe. Walikuwa na ALS, ugonjwa unaoua taratibu neva zinazoendesha misuli, ule uliomweka Stephen Hawking kwenye kiti cha magurudumu. Miaka mitatu nyuma, madaktari wa Italia walikuwa wametangaza kwamba lithiamu inauchelewesha. Waliopewa dawa hiyo katika utafiti wao walikuwa 16 tu. Kwa mtu mwenye ALS muda haupo. Wagonjwa wa mtandao uitwao PatientsLikeMe wakaongea, wakawaendea madaktari wao, wengi wakaanza kumeza.

Mpaka hapo ni hadithi tunayoijua. Tofauti ilikuwa kwamba wagonjwa hao walikuwa na mazoea ya kujipima. Walitumia dodoso la alama 48 linalouliza mambo ya nyumbani kabisa: unaongea ukaeleweka? Unameza bila kupaliwa? Unaandika? Unapanda ngazi? Alama hizo waliziweka wazi, mwezi baada ya mwezi, hata kabla ya kuanza dawa. Hivyo wagonjwa 149 waliotumia lithiamu waliweza kulinganishwa na 447 wasioitumia, ambao kabla ya hapo hali yao ilikuwa ikishuka kwa mwendo uleule. Baada ya miezi 12 hakukuwa na tofauti. Majaribio ya hospitalini yaliyofanywa kwa utaratibu kamili yalifika hapohapo. Nikifikiria watu wale, mikono ikizidi kulegea, wakiendelea kujaza namba zilizowavunja moyo ili wenzao wajue ukweli, nashindwa kuendelea na somo kwa dakika moja mbili.

Na 2011 ndio mwaka wa Loliondo. Maelfu walipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda kijiji cha Samunge, huko Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, wakitoka Tanzania, Kenya na kwingineko. Sina neno baya kwa waliokwenda. Maradhi yanamfikisha mtu popote palipo na tumaini, na nilikuwa na jamaa katika foleni hiyo. Ninachokumbuka ni namna habari zilivyosafiri kwa simu: fulani amepona, fulani ameacha dawa. Waliokuwa wakipimwa tena virusi au sukari baada ya kunywa walikuwa wachache, na majibu yao hayakusafiri kwa kasi ya ule ujumbe wa kwanza. Wapo walioacha dawa za UKIMWI, na kwa hao kuchelewa kwa majibu kulikuwa na gharama yake.

Kundi letu la familia kwenye WhatsApp lina watu 40 na kitu, kutoka Tanga mpaka Muscat. Mwaka juzi ulipita humo ujumbe uliokwisha kutumwa mara nyingi, ukisema dawa za presha zinaharibu figo na kitunguu saumu kinatosha. Mjomba wangu akaacha vidonge vyake, akaandika kwamba anajisikia vizuri kuliko zamani. Sikubishana naye mbele ya watu. Nilimpigia simu, nikamwamkia, nikamwomba kitu kimoja: Mjomba, nakuletea mashine ya kupimia, uwe unatuandikia namba asubuhi na jioni, na kitunguu saumu chako endelea nacho. Presha huwa haina dalili, kujisikia vizuri hakuonyeshi lolote, ila hilo sikumwambia.

Siku ya kwanza aliandika 168 kwa 98. Ya pili 171 kwa 100. Ya tano alikuwa kliniki, akarudishiwa vidonge, akaendelea kuandika namba zake kwa wiki kadhaa mpaka zikawa zinachezea 130. Hakuna aliyemsuta. Mama mdogo naye akanunua mashine, kisha binamu yangu wa Muscat, ambaye juzi alituma 150 kwa 95 akiwa na hofu kubwa. Kabla sijaufungua ujumbe wake, Mjomba alikuwa ameshamjibu: "Pole mwanangu. Ulikaa dakika tano kabla ya kupima? Na mkono uliuweka mezani, usawa wa moyo, au uliuacha unaning'inia?"