Pima Hewa Kabla ya Kupima Kabati

Maikrowevu ya kwanza kuuzwa kwa ajili ya nyumba za watu haikuwa ya kuweka mezani. Mwaka 1955 kampuni ya Tappan ya Mansfield, jimbo la Ohio, Marekani, iliingiza sokoni oveni kubwa ya volti 220 iliyojengewa ukutani, bei yake dola 1,295. Walioweza kuinunua walikuwa wachache. Mwaka 1967 kampuni ya Amana ikatoa ndogo ya mezani kwa dola 495, na kuanzia hapo maikrowevu ikawa kifaa cha kuhamahama: leo iko juu ya friji, kesho pembeni mwa sinki. Sasa, katika nyumba mpya za Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala, inarudi ilikoanzia. Seremala anaacha nafasi kwenye kabati refu, oveni inaingizwa humo, na meza ya jikoni inabaki wazi kwa kukatia mboga.

Jambo hilo linapendeza, lakini lina sharti lake. Kifaa kilichojengewa kabatini hakihami, na kosa lililofanywa siku ya kununua hukaa ukutani miaka mingi. Wanunuzi wengi hutumia muda wao wote kulinganisha rangi ya mlango na idadi ya vitufe, ilhali kinachoamua oveni itadumu au haitadumu ni joto lake na njia ya kulitoa.

Moyo wa maikrowevu ni magnetroni, kifaa ambacho John Randall na Harry Boot walikiboresha katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, mwaka 1940, kwa ajili ya rada za vita. Magnetroni hugeuza umeme kuwa mawimbi yanayogeuka mara bilioni 2.45 kwa sekunde, kila wimbi likiwa na urefu wa takriban sentimita 12. Molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi, kwa hiyo hujaribu kugeuka pamoja na wimbi, na katika kugeuka inasukumana na molekuli jirani. Msukumano huo ndio joto la chakula.

Ila si umeme wote unaofika kwenye chakula. Oveni inayotoa wati 800 za kupikia huvuta kama wati 1,250 kutoka kwenye soketi. Zile 450 zinazobaki hugeuka kuwa joto ndani ya mashine yenyewe, kwenye magnetroni na kwenye mfumo wa kuzalisha volti kubwa. Hiyo ni sawa na kuwasha balbu saba za zamani za wati 60 ndani ya kabati na kulifunga.

Wahandisi walilijua tatizo hili tangu mwanzo. Oveni ya kwanza ya biashara, iliyotolewa na kampuni ya Raytheon mwaka 1947, ilikuwa na kimo cha karibu mita 1.8 na uzito wa kilo 340 hivi, na ililazimu kuunganishwa na bomba la maji ili magnetroni ipoe. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na feni. Feni nayo inahitaji hewa baridi ya kuvuta na mahali pa kuitupa hewa ya moto.

Oveni ya mezani hupumua kwa mgongoni, ubavuni au juu, kutegemea ilivyoundwa, na kitabu chake cha maelekezo mara nyingi hutaka iachiwe sentimita 20 au zaidi juu yake. Ikisukumwa ndani ya kabati la kuibana, feni inavuta tena hewa ile ile iliyoitoa muda mfupi uliopita. Baada ya dakika kadhaa kidhibiti joto kinakata umeme na oveni inazima katikati ya kazi. Mwenye nyumba anaita fundi. Fundi anafika oveni ikiwa imeshapoa, anaijaribu, inafanya kazi, haoni kibovu. Wiki ijayo mambo ni yale yale, hadi siku ambayo magnetroni inachoka kabisa na gharama ya kuibadilisha inakaribia bei ya oveni nyingine. Hewa hiyo pia haitoki kavu, kwani imebeba mvuke wa wali, maharage na mchuzi. Kingo za ubao wa MDF huunywa mvuke huo, zikavimba, na karatasi ya juu ikaanza kubanduka.

Oveni iliyoundwa kwa ajili ya kabati huendesha hewa kwa njia nyingine. Nyingi hutolea joto mbele, kwenye uwazi mwembamba juu au chini ya mlango, au hulipeleka nyuma ambako linapanda kwenye uwazi wa sentimita 4 au 5 kati ya kabati na ukuta. Hapa ndipo kazi nzuri ya seremala inapoweza kuleta madhara. Anataka kabati lipendeze, kwa hiyo anaziba mgongo wake kwa ubao, anapiga rafu mpaka ukutani, kisha anafunga sehemu ya chini kwa kipande kisicho na tundu hata moja. Macho yanafurahi, oveni inakosa pumzi. Kila muundo una ukurasa wa vipimo vya kufungia, wenye mchoro wa njia za hewa. Ukurasa huo unapaswa kuwa mkononi mwa seremala kabla hajakata ubao wa kwanza. Muuzaji asiyeweza kuutoa hajastahili kulipwa.

Kwa oveni nyingi za kabatini zinazofuata vipimo vya Ulaya, nafasi inayohitajika ni upana wa sentimita 56, kina cha 55, na kimo cha 38 kwa maikrowevu ya kawaida au 45 kwa ile iliyounganishwa na oveni ya kuokea. Kina ndicho kinachowakwamisha wengi. Makabati ya juu ya ukutani yanayotengenezwa kwetu mara nyingi yana kina cha sentimita 30 hadi 35, na oveni hizi haziingii humo. Ipo miundo michache myembamba iliyotengenezwa kwa makabati ya juu. Mwenye makabati tayari atafute hiyo, asikubali kuambiwa kwamba fundi atalazimisha.

Kimo cha kuifunga nacho kina uzito wake. Bakuli la supu linalotolewa juu ya usawa wa mabega likimponyoka mtu, litamwagikia usoni na kifuani. Mahali salama ni pale ambapo sakafu ya oveni iko kati ya kiuno na kiwiko cha mpishi. Juu ya jiko la gesi si mahali pake kabisa, isipokuwa kwa miundo iliyotengenezwa mahususi kukaa hapo. Mlango mara nyingi hufungukia kushoto, hivyo kama upande huo kuna ukuta, hautafunguka vya kutosha na sahani ya kioo haitatoka kuoshwa. Kuhusu ukubwa, lita 20 hadi 25 zinaitosha familia ya kawaida. Busara ni kwenda dukani na kipimo cha sahani na bakuli zinazotumika nyumbani kila siku. Sinia la wali la kulia watu wengi halitaingia katika yoyote kati ya hizi.

Sasa umeme. Kwenye katoni huandikwa wati 1,200 au 1,300 kwa herufi kubwa, na wauzaji wengine huitaja namba hiyo kana kwamba ndiyo nguvu ya kupikia. Ni umeme unaovutwa. Nguvu ya kupikia ni ile nyingine, 700, 800 au 900, iliyoandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibandiko cha nyuma. Mtu anaweza kuipima mwenyewe kwa kipimajoto cha jikoni. Lita moja ya maji ya bomba hupimwa joto, ikawekwa ndani kwa nguvu kamili kwa dakika moja, ikakorogwa na kupimwa tena. Nyuzi zilizoongezeka, zikizidishwa kwa 70, ndizo wati zinazofika kwenye chakula. Maji yakipanda kutoka nyuzi 25 hadi 36 na nusu, oveni inatoa wati 800 hivi. Jaribio hilo lifanyike siku oveni inapofungwa, na lirudiwe mara moja kwa mwaka: namba ikishuka sana, ama magnetroni inazeeka ama umeme unaofika nyumbani ni mdogo.

Oveni zilizounganishwa na moto wa kuokea zinahitaji uangalifu wa pekee. Baadhi huvuta wati 3,300 au zaidi. Plagi ya miguu mitatu bapa tunayoitumia Kenya, Uganda na Tanzania ina fyuzi ya ampea 13, ambayo kwa volti 230 ni wati 2,990 tu. Oveni ya namna hiyo inahitaji waya wake kutoka kwenye ubao wa umeme, na sakiti breka yake. Atakayekata plagi ya Ulaya iliyokuja nayo na kufunga ya ampea 13 atakuwa anachoma soketi polepole, tena nyuma ya kabati mahali asipopaona. Vifaa vingi vya kulinda friji dhidi ya umeme unaopanda na kushuka ni vya ampea 5. Maikrowevu ndogo ya wati 1,250 tayari inavuka hapo.

Ndugu walio ughaibuni mara nyingi hutuma vifaa kwa moyo mwema. Maikrowevu ya Marekani ni ya volti 120 na hezi 60, na watu wengi wanajua kuwa inahitaji transfoma. Ya Saudi Arabia humhadaa mtu zaidi. Huko volti ni 230 kama kwetu, lakini hezi ni 60, wakati Afrika Mashariki, Oman na Falme za Kiarabu hutumia 50. Oveni ya transfoma ya chuma iliyoundwa kwa hezi 60 itawaka hapa, lakini transfoma yake itapata moto kuliko ilivyokusudiwa, na kama saa yake inahesabu mapigo ya umeme, itachelewa dakika 10 kila saa. Kibandiko kikiandikwa 50/60, hakuna tatizo.

Kama kuna kitu kimoja kinachostahili kuongezewa pesa, ni inveta. Maikrowevu ya kawaida ikipangiwa nusu ya nguvu haipunguzi mawimbi. Huwasha nguvu yote kwa sekunde kadhaa, huzima, kisha huwasha tena. Yenye inveta hupunguza mawimbi yenyewe na kuyatoa mfululizo. Tofauti huonekana kwa samaki aliyeganda. Barafu hunyonya mawimbi haya kidogo sana ikilinganishwa na maji. Ncha ya mkia ikianza kuyeyuka, lile tone la maji hunyonya nguvu nyingi, linachemka na kuyeyusha jirani yake, huku katikati ya samaki pakiwa bado jiwe. Matokeo ni mkia ulioiva na tumbo lenye barafu. Kwa nguvu ndogo isiyokatika, joto hupata muda wa kusambaa ndani. Katika nyumba zinazohifadhi nyama, samaki na hata tui la nazi kwenye friza, kazi hiyo inafanyika karibu kila siku.

Moto wa kuokea na grili ni suala la mapishi. Mawimbi hupasha maji, na chakula chenye maji hakivuki sana nyuzi 100, wakati ukoko wa kahawia wa mkate au sambusa huhitaji kama nyuzi 140. Ndiyo maana sambusa iliyopashwa kwenye maikrowevu tupu hulegea. Familia inayooka mikate na keki itafaidika na oveni ya kuunganisha, na itakuwa imeokoa nafasi ya kifaa cha pili. Isiyooka itakuwa imenunua uzito na waya mnene bila sababu.

Wenye hofu ya mionzi wana haki ya kujibiwa kwa namba. Wavu wa chuma ndani ya kioo cha mlango una matundu ya milimita moja au mbili, na wimbi la sentimita 12 halipenyi humo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kuvuja ni miliwati 5 kwa kila sentimita ya mraba, kikipimwa sentimita 5 kutoka kwenye oveni, na hupungua haraka kadiri mtu anavyosogea mbali. Hatari ya kweli iko ndani ya bodi. Kapasita yake hubeba maelfu ya volti na inaweza kuzishikilia hata plagi ikiwa imechomolewa. Imeshaua watu. Isifunguliwe na asiyefundishwa.

Kwa wakazi wa pwani, hewa ya chumvi inahesabika pia. Chuma kilichopakwa rangi kikichubuka ndani ya oveni hupata kutu, na cheche huanza hapo. Chuma cha pua hugharimu zaidi, lakini Tanga, Zanzibar na Lamu kinastahili bei yake.

Kwa nyumba nyingi, basi, uchaguzi unaofaa ni maikrowevu ya kabatini ya kimo cha sentimita 38, lita 25, yenye inveta, wati 800 au 900 za kupikia, ndani ya chuma cha pua, na kibandiko cha volti 220 hadi 240. Fundi umeme aweke swichi mahali mkono unapofika bila kutoa oveni nje. Swichi hiyo ina kazi nyingine pia: saa inayowaka kwa wati 3 usiku na mchana hula uniti 26 kwa mwaka, na kupasha chakula dakika tano kila siku hula kama 38.